Dodoso la kaya 400 halitawaambia mtoto anaingia ziwani saa ngapi

SWALI: Sisi ni asasi ya watu wanane. Tunafanya kazi katika vijiji vitatu vya mwambao wa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Tumepata shilingi milioni 18 za kuendesha elimu ya kichocho kwa miezi 12. Mfadhili ametupa wiki sita tufanye tathmini ya mahitaji, kisha tumpelekee mpango. Tumeshaandaa dodoso la maswali 62 kwa kaya 400, la kupima uelewa wa jamii. Je, tuko sahihi? Na majibu yakishapatikana, tunayageuzaje kuwa mpango wa kazi? (Katibu wa asasi)

JIBU: Ndugu katibu, dodoso hilo msilipeleke kwa mchapaji bado.

Hiyo 400 inajulikana inakotoka. Ukitaka kukadiria asilimia fulani kwa uhakika wa asilimia 95, na kosa lisizidi pointi 5 juu au chini, kanuni inakupa watu 384, kisha unaongeza wachache kufidia watakaokosekana. Kwa hesabu mko sawa. Shida ni kwamba majibu yake yanaweza kuandikwa leo kabla hamjatoka ofisini: wengi wamesikia habari za kichocho, wachache wanaeleza vizuri kinavyoambukiza, kwa hiyo "elimu iongezwe". Kutoka hapo mnaingia kwenye fulana, mabango na tamasha la ngoma, na mwaka unaisha watoto wakiwa majini vilevile. Uelewa mdogo hupatikana kila unapopimwa, ndiyo maana hausaidii kuchagua la kufanya. Mama anayefua ziwani anaweza kujua kila kitu kuhusu konokono na kesho akarudi kufua palepale, kwa sababu bomba hakuna, au lipo na ndoo inalipiwa.

Tathmini yenu inatakiwa ijibu maswali machache tu: nani anafanya nini, wapi, saa ngapi, kinachomfanya afanye hivyo ni kipi, na katika hayo, lipi linasogezeka kwa milioni 18 na miezi 12.

Kabla ya yote, kichocho kipi?

Neno lenyewe lina mtego. Kwa watu wengi "kichocho" ni kukojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, kinachobebwa na konokono wa jamii ya Bulinus. Kanda ya Ziwa kinapatikana zaidi ndani ya nchi kavu, kwenye malambo, mabwawa na majaruba ya mpunga. Mwambao wenyewe na visiwani, tatizo kubwa ni kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, ambacho konokono wake ni Biomphalaria na mayai yake hutoka na kinyesi. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo, na miaka ikipita ini na bandama kuvimba, tumbo kujaa maji, hata kutapika damu. Mkimuuliza mvuvi "umewahi kuugua kichocho?" atasema hapana kwa moyo mweupe, maana hajawahi kukojoa damu. Swali la 1 la dodoso lenu likiwa limeulizwa hivyo, yote 61 yanayofuata yamejengwa juu ya mchanga.

Basi ulizeni kwa dalili, na kwa lugha inayosemwa pale. Kama kijiji ni cha Wasukuma, Wakerewe au Wajita, mkalishe watu wawili: mmoja atafsiri maswali, mwingine ambaye hajaona ya awali ayarudishe kwenye Kiswahili. Mahali tafsiri mbili zinapogongana ndipo swali lenu lilipo bovu.

Mzunguko wa ugonjwa nao muusome kwa jicho la mpangaji, maana humo ndimo mnamopata sehemu za kushika. Mayai yakifika kwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi) huanguliwa, vimelea huingia kwa konokono, na baada ya wiki nne hadi sita hivi konokono huanza kumwaga lava, yaani vimelea wachanga, majini. Lava hao hutoka mchana kunapokuwa na mwanga, wengi zaidi kuelekea katikati ya mchana. Huingia kupitia ngozi kwa dakika chache tu, na wasipompata mtu hufa ndani ya saa 24 hadi 48. Mwilini, minyoo huchukua takriban wiki tano hadi saba kabla ya kuanza kutaga. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa, michanga huiacha. Kwa hiyo anayemeza dawa Jumatatu na kuoga ziwani Jumanne hajapata kinga yoyote. Angalieni pia kwamba njia kuu ni ngozi. Ujumbe wa "chemsha maji ya kunywa" ni mzuri kwa kuhara na kipindupindu, lakini kwenye kichocho unampa mtu hisia kuwa ameshajilinda huku miguu ikiwa majini.

Wiki ya kwanza: karatasi zilizopo

Msianze na watu. Anzeni na barua ya utambulisho kutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo mshuke kata na kijiji. (Mkipanga kukusanya vinyesi, au kuchapisha matokeo kama utafiti, mnaingia kwenye kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na wiki sita hazitatosha. Kwa tathmini ya kupangia kazi, vinyesi vya nini?)

Zahanati waombeni kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 5, cha wagonjwa wa nje, miezi 12 iliyopita. Hapa wengi huteleza: wanakuta wagonjwa wa kichocho wanne kwa mwaka, wanaandika kuwa tatizo ni dogo. Zahanati isiyopima choo kwa hadubini haiwezi kukiona kichocho cha tumbo. Inaandika "minyoo", "maumivu ya tumbo", "kuhara". Hesabuni hizo pia, na mwandike pembeni kama kipimo kipo au hakipo. Idadi ndogo mahali pasipo na kipimo ni taarifa kuhusu kipimo.

Humo humo angalieni leja ya dawa. Prazikwanteli ipo? Imewahi kuisha kwa miezi mingapi? Kampeni nyingi za kingatiba (kugawa dawa kwa kundi zima bila kumpima mmoja mmoja) hulenga watoto wa umri wa shule, miaka 5 hadi 14, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Februari 2022 unataka, mahali maambukizi yalipofika asilimia 10, kila mwenye umri kuanzia miaka 2 apewe dawa mara moja kwa mwaka, na watakaomeza wasipungue asilimia 75. Kama kwenu watu wazima hawamo kwenye kampeni na zahanati haina dawa, kuwahamasisha wavuvi "waende wakapate tiba" ni kuwatuma dukani kusiko na bidhaa. Watakwenda mara moja, hawatawasikiliza tena.

Shuleni waombeni idadi ya waliomeza dawa kampeni mbili zilizopita, na idadi iliyotumika kugawia. Asilimia ikizidi 100, kigawanyo ndicho kibovu: mwambao watu huhama na msimu wa samaki, na watoto wasioandikishwa hawamo. Kwa mtendaji wa kijiji ombeni mpango wa kijiji wa Fursa na Vikwazo. Mara nyingi wananchi walishasema wanachotaka, na ni aibu kwenda kuwauliza upya jambo lililo kwenye faili.

Wiki ya pili na ya tatu: kaeni ufukweni, muhesabu

Hii ndiyo kazi ninayowaomba mwekee nguvu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu haionekani ya kitaalamu. Katika kila kijiji chagueni sehemu mbili ambako watu hugusa maji: mwalo wenyewe (mitumbwi inapofikia), na pale kina mama wanapofulia au watoto wanapoogelea. Vituo sita kwa jumla. Kila kituo kipate siku tatu: siku ya kawaida ya shule, siku ya gulio, na Jumamosi au Jumapili. Mhesabuji awepo saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na kila baada ya nusu saa aangaze macho mara moja na kuandika alichokiona wakati huo. Hesabu 25 kwa siku. Wawe wawili wakipokezana, maana mtu mmoja juani saa 12 mfululizo ataanza kubuni namba kuanzia saa 8 mchana.

Fomu iwe ukurasa mmoja. Safu za chini ni muda. Za juu ni makundi: watoto chini ya miaka 5, wa 5 hadi 14 wavulana na wasichana, wanawake, wanaume. Ndani ya kila chumba mhesabuji anapiga vijiti na herufi moja ya kazi: K kwa kuogelea au kuoga, F kufua, V vyombo, M kuchota, S shughuli za samaki. Pembeni aandike maji yamefika wapi: kifundo, goti, kiuno au zaidi. Kina kinahesabika, kwa sababu anayechota akiwa ameloa vifundo kwa dakika mbili hafanani na mtoto aliyezama mpaka shingoni kwa saa nzima. Kwa wanaooga, mwelekezeni mhesabuji akae mbali, asiwe na simu mkononi, na mwenyekiti wa kitongoji awe ametangaza mapema. Picha hapana kabisa.

Gharama? Vituo sita mara siku tatu mara watu wawili ni posho 36. Mkilipa 20,000 kila moja, ni shilingi 720,000, na mnapata kitu ambacho dodoso la milioni tano halina: mchoro wa siku nzima ya ufukwe. Mnaweza kukuta wasichana wamejazana kuanzia saa 10 jioni kuosha vyombo, wavulana saa 7 mchana wakati wa mapumziko ya shule, na wanaume alfajiri wakishusha dagaa. Makundi matatu, nyakati tatu, jumbe tatu.

Lipo la mwezi, ambalo asiyeishi mwaloni hulisahau. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti samaki. Siku hizo wavuvi hupumzika. Wengine husafiri makwao, wengine hubaki kambini wakishona nyavu. Mkihesabu siku za giza mtawakuta wanaume asubuhi tu, wamechoka, hawataki maswali. Mkipanga mkutano siku za giza hawaji. Mkija kuhesabu tena mwisho wa mradi siku za mbalamwezi, mtaona wanaume wamepungua majini na kujipongeza bure. Chukueni kalenda ya mwezi, muiambatishe kwenye ratiba.

Mwaloni hesabuni vilevile mashimo ya vyoo: yako mangapi, yana mlango, yanafungwa na kufuli ya nani, na mtumbwi ukifika saa 11 alfajiri choo kiko hatua ngapi. Pitieni nyuma ya mitumbwi na kwenye matete asubuhi. Mtajua bila kumuuliza mtu.

Wiki ya nne: mazungumzo

Fanyeni mijadala sita hadi minane ya vikundi, watu sita hadi wanane kila kikundi, dakika 60 hadi 90. Wavuvi peke yao, waanikaji dagaa peke yao, mama wenye watoto wadogo, wavulana wa miaka 10 hadi 14, wasichana wa umri huo, walimu. Mkiwachanganya wanaume na wanawake, suala la choo litajibiwa na mwanaume mmoja mwenye sauti. Anzeni na ramani: chini mchangani, kwa vijiti na majani, wachore nyumba, visima, bomba, vyoo, sehemu za maji. Kisha kalenda ya majira: miezi ya samaki, ya njaa, ya mvua, ya fedha mkononi. Ndipo maswali.

Mwisho wa mjadala wapeni kila mmoja kokoto tano apige kura kati ya matatizo waliyoyataja wenyewe. Jiandaeni kusikia kwamba kichocho ni cha nne au cha sita, na kwamba hitaji la kwanza ni maji ya bomba. Msione haya. Mwingereza Jonathan Bradshaw alitenganisha mwaka 1972 aina nne za mahitaji, na mgawanyo wake bado unasaidia: analoliona mtaalamu kwa kipimo chake, wanalolihisi watu, wanalolidai kwa vitendo (foleni zahanati, barua kwa diwani), na linaloonekana ukilinganisha kijiji na jirani yake. Ripoti iyaonyeshe yote manne hata yakipingana. Mahali pa kulipeleka hilo la maji ni halmashauri, likiwa na ramani na hesabu zenu za ufukweni, kabla bajeti ya mwaka unaoanza Julai haijafungwa. Na wananchi waambiwe wazi kuwa milioni 18 hazichimbi kisima. Kunyamaza hapo ndiko kunakozaa "walikuja wakatuandika wakaondoka".

Wiki ya tano: wanaofanya na wasiofanya

Sasa chagueni tabia moja au mbili za kuchunguza kwa undani, na hapa ndipo dodoso linapopata kazi. Kila penye tatizo wapo wachache wanaofanya lililo jema katika mazingira yaleyale. Tafuteni watu 45 wanaoifanya tabia na 45 wasioifanya, muwaulize maswali yaleyale kumi na machache. Ni rahisi kwako kufanya hivi? Ni nini kinarahisisha, nini kinakwamisha? Kuna faida gani, hasara gani? Nani anakusifu ukifanya, nani anakucheka? Ukisahau, hukumbushwa na nini? Jibu ambalo asilimia za makundi mawili zinapishana kwa pointi 15 au zaidi ndilo lenye habari. Ambalo makundi yote yanajibu sawa, liacheni, hata kama linawapendeza.

Hebu tuishike tabia moja kwa karibu: kuogesha watoto kwa maji yaliyolala nyumbani badala ya kuwapeleka ziwani. Kwa kuwa lava hufa ndani ya saa 48, maji yaliyochotwa na kuachwa siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono ni salama kwa ngozi. Ujumbe mzuri, unaingia kwenye bango kwa maneno manane. Sasa pigeni hesabu ya mama mwenye familia ya watu sita, kila mmoja akioga kwa lita 10. Hiyo ni lita 60 kwa siku, madumu matatu ya lita 20. Ili kila siku awe na maji yaliyolala siku mbili, anahitaji seti tatu: ya kutumia leo, iliyolala siku moja, na iliyochotwa sasa hivi. Madumu tisa. Anayo manne, na moja ni la pombe ya mume. Mkiuliza "je, unajua maji yakikaa siku mbili hayana kichocho?" mtapata uelewa asilimia 20 na kuhitimisha elimu. Mkiwauliza 45 na 45 mtagundua kuwa wanaofanya wana pipa, au wana mtoto mkubwa wa kuchota jioni. Mradi hapo unageuka kuwa wa kikundi cha kununua mapipa kwa mchango wa wiki, na elimu inabaki robo ya kazi.

Wataalamu wa mpango wa PRECEDE-PROCEED, uliotokana na kazi ya Lawrence Green huko Marekani tangu miaka ya 1970, hugawa sababu hizi mafungu matatu: zinazomsukuma mtu kutoka ndani (anachojua, anachoamini), zinazomwezesha (madumu, choo, dawa, ujuzi), na zinazomtia nguvu aendelee (anayemsifu, nafuu anayoiona). Chukueni karatasi kubwa, mchore safu tatu, mbandike kila jibu kwenye safu yake. Safu ya katikati ikijaa kuliko nyingine, mnajua kwamba mhadhara hautatosha.

Wiki ya sita: kuchagua na kuandika

Orodhesheni tabia zote mlizozikuta, mzipime kwa mizani miwili: ina uzito gani kwenye maambukizi, na inabadilika kirahisi kiasi gani ndani ya mwaka. "Wavuvi wasiingie majini" ina uzito mkubwa na haibadiliki; ifuteni, isirudi hata kwenye bango. "Watoto na wazazi wakubali kingatiba", uzito mkubwa, inabadilika. "Wavuvi watumie choo mwaloni", uzito mkubwa, inabadilika endapo choo kipo na ufunguo unajulikana uliko. "Watoto wasiogelee katikati ya mchana", uzito mkubwa, inabadilika nusu. Tabia mbili zinatosha kwa fedha yenu. Tatu ni ulafi.

Lengo liandikwe kwa kitu kinachohesabika ufukweni. Mfano: "Ifikapo mwezi wa 11 wa mradi, wastani wa watoto wa miaka 5 hadi 14 wanaohesabiwa wakiwa majini kuanzia goti, kati ya saa 5 na saa 9 mchana katika vituo sita, upungue kwa robo kutoka hesabu ya mwanzo." Msiandike "kupunguza maambukizi kwa asilimia 50". Jaribio kubwa lililofanyika Unguja na Pemba kati ya 2012 na 2017, kwa kichocho cha mkojo, liligawa shehia 90 makundi matatu: dawa peke yake, dawa na kuua konokono, dawa na kazi ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka kote, lakini makundi yaliyoongezewa kitu hayakuonyesha tofauti ya wazi na lile la dawa peke yake. Kama miaka mitano ya kazi kubwa kiasi hicho haikutenganisha mchango wa tabia kwa kuhesabu mayai, asasi ya watu wanane isijifunge kwa mayai. Ahidini mnachoweza kukiona.

Kingatiba ndiyo nanga ya ratiba yenu. Muulizeni mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele wa halmashauri tarehe inayotarajiwa, halafu msiiamini. Dawa zikichelewa tarehe inasogea. Andikeni kazi kwa kurudi nyuma: wiki nne kabla, vikao vya wazazi, wiki mbili kabla, maswali na majibu mwaloni siku za mbalamwezi, siku yenyewe, uji. Dawa hii ikimezwa tumbo tupu, na minyoo ikiwa mingi, kichefuchefu, tumbo kusokota na kizunguzungu ni vya kawaida. Mkoani Morogoro mwaka 2008 ugawaji shuleni uliishia kwenye vurugu: watoto walijisikia vibaya, uvumi ukaenea, wazazi wakavamia shule. Kwa hiyo ujumbe muhimu kuliko wa konokono ni huu, usemwe kwa wazazi mapema: mtoto anaweza kuumwa tumbo saa chache, ni minyoo inakufa, ale kabla, na akizidiwa apelekwe zahanati ambako mganga ameshaarifiwa. Hakikisheni kweli ameshaarifiwa.

Picha zozote zijaribiwe kabla ya kuchapwa. Waonyesheni watu kumi wa kundi husika, mmoja mmoja, na swali liwe "unaona nini hapa?" Mchoro wa lava uliokuzwa mara mia huonekana kama mdudu mkubwa mwenye mkia, na mtu atakuambia kwa uaminifu kwamba hilo dudu ziwani kwao halipo. Mwekeeni konokono wa kweli aliyekauka kwenye kichupa, mdogo na bapa kama kifungo cha shati. Wakishindwa kuuelewa mchoro zaidi ya watu watatu kati ya kumi, mchoraji arudie.

Fedha nazigawa hivi, mkirekebisha kwa hali yenu: tathmini 2,000,000, kazi yenyewe 10,800,000, upimaji wa kati na wa mwisho 1,600,000, usafiri, mawasiliano na usimamizi 2,700,000, akiba 900,000. Jihadharini na posho za vikao. Wiki ya kwanza mkilipa 10,000 kwa kila anayehudhuria, mkutano wa mwezi wa saba utakuwa wa bei hiyohiyo au wa viti vitupu. Chakula na nauli ya kutoka kitongoji cha mbali, sawa.

Ufuatiliaji wa kila robo mwaka usiwe dodoso jingine kubwa. Chagueni kwa bahati nasibu watu 19 katika kila kijiji, muwaulize au muwaone kwa jambo moja. Kama shabaha yenu ni asilimia 80, kijiji chenye 13 au zaidi kati ya 19 kinahesabiwa kimefika. Chini ya hapo kipewe nguvu zaidi. Watu 57 kwa vijiji vyote vitatu, siku mbili za kazi. Njia hii inakwambia kijiji gani kinasuasua. Haisemi asilimia kamili ya kila kijiji, na msiilazimishe.

Mrejesho upelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu. Ulizeni tarehe yake leo, muipangie tathmini iishe kabla. Bandikeni mchoro wa siku ya ufukwe kwenye ubao wa matangazo, kituo kwa kituo, bila jina la mtu. Hapo ndipo mwenye bomba linalouza ndoo na mwenye ufunguo wa choo cha mwaloni wanapokuwa wamekaa mkutano mmoja na wanaolalamika, na mtendaji anaandika muhtasari.

Kwa mfadhili: pelekeni kurasa nane hadi kumi. Ukurasa wa kwanza, tabia mbili mlizochagua na kwa nini nyingine zimeachwa. Akidai ile 400, mwambieni mnachukua vipimo 450 vya ufukweni, mahojiano 90, na mijadala hadi minane, kwa fedha pungufu. Wengi huridhika wakiona fomu. Na tarehe za hesabu ya mwisho ziandikwe sasa hivi kwenye mpango: mwezi uleule wa mwaka, kiangazi kwa kiangazi au masika kwa masika, siku ya gulio kwa siku ya gulio, na mbalamwezi ikiwa katika hali ileile iliyokuwa siku mliyohesabu mara ya kwanza.